Muulize Senga: Ati Lady Macbeth ndo alimharibu mumewe?

SWALI: Habari Senga. Mimi niko S6 (kidato cha sita) hapa Jinja na nachukua litricha. Juzi kwenye disikasheni ya Macbeth, ule mchezo wa Shakespeare ambamo Macbeth anamuua mfalme ili atawale, vijana wote wakasema ati shida yote ni yule mama, mzee alikuwa shujaa mzuri tu mpaka bibi akamharibu, na ticha akacheka akasema ndo maana tunawaambia mchague wake vizuri. Nikinyoosha mkono nikisema tuisome kifeministi wanasema natetea muuaji. Niwajibu vipi?
Msichana wa Jinja

JIBU: Mwanangu, pole na huyo ticha. Hakuna aliyekutuma utetee muuaji, yule mama damu anayo mikononi, lakini hao vijana warudishe kwenye kitabu maana naona wanabishana na sinema iliyo kichwani mwao. Fungua tendo la kwanza, onyesho la tatu. Wachawi wametoka tu kumwambia Macbeth atakuwa mfalme, Banquo, jemadari mwenzake, anamuuliza mbona umeshtuka hivo, alafu Macbeth anaongea peke yake pembeni kwamba kuna wazo la kuua limemwingia mpaka nywele zinasimama na moyo unagonga mbavu. Bibi yuko wapi saa hiyo? Yuko nyumbani, hata jukwaani hajatokea, hata barua ya mumewe hajaisoma!

Ndio, baadaye anamsukuma, anamwambia wewe si mwanaume, hilo sikatai. Na pale anapowaomba pepo wamwondolee uanamke ndo vijana hushangilia, ati mnaona, si mwanamke wa kawaida. Wewe waulize kwa nini aombe hivo. Manake kwa hiyo nchi ya kwenye mchezo nguvu inavaa suruali tu, yeye njia yake ni sikio la mumewe basi. Hapa Buganda ya zamani Nnamasole, mama wa Kabaka yaani mfalme, alikuwa na kasri lake na Katikkiro wake, yaani waziri mkuu, sisemi wanawake wote walikaa raha, wapi, wengi walipiga magoti tu, lakini angalau kiti kilikuwepo na kilikuwa na jina. Lady Macbeth hata jina lake mwenyewe hatupewi.

Kuna sehemu moja ndogo watu wanairuka. Usiku wa kumuua mfalme Duncan ameshaweka visu tayari, anasubiri, anasema angefanya mwenyewe kama yule mfalme asingefanana na baba yake akiwa amelala. Basi, anapita, anaongea mengine. Mimi kila nikifika hapo nasimama.

Alafu angalia tendo la tatu. Anamuuliza mumewe kuna mpango gani, anajibiwa kimpenzi-mpenzi kwamba wewe usijue kitu mpaka kazi iishe uje uisifu. Banquo anauawa yeye hajaambiwa, mke wa Macduff, yule mkuu aliyemkimbia Macbeth, na watoto wanachinjwa na hakuna popote mumewe anamuomba shauri. Baada ya ile karamu anapotea kabisa mpaka tendo la tano, anarudi anatembea usingizini na mshumaa, anakufa nyuma ya jukwaa, tunasikia tu wanawake wakilia. Huyo ndo anayeendesha kila kitu?

Wakikubana zaidi waletee Clytemnestra, malkia kwenye mchezo wa Mgiriki Aeschylus, mwaka 458 KK. Mumewe alimchinja binti yao ili apate upepo wa kwenda vitani Troy, akarudi na mwanamke mwingine kwenye gari la farasi, bibi akamuua, alafu kijana wao akamuua mama. Mahakamani mungu Apollo anasema mama si mzazi hasa, anatunza tu mbegu ya baba! Na mungu wa kike Athena anampigia kijana kura kwa sababu yeye hakuzaliwa na mama. Kumbuka waigizaji wote Athens walikuwa wanaume, hata huyo Clytemnestra aliigizwa na mwanaume, kama vile Lady Macbeth enzi za Shakespeare alivyoigizwa na kijana. Hiyo hoja ya Apollo wasomee polepole, usiongeze kitu, waache waisikie.

Na wakisema hayo ni ya wazungu, chukua mchezo wa The Burdens wa John Ruganda wetu, 1972. Wamala alikuwa waziri, kaanguka, nyumba imebaki na umaskini na matusi, na mwisho mkewe Tinka anamuua. Hapo nani alimharibu nani? Mimi na mzee wangu tunabishana toka tulipoisoma na hajanishinda bado. Ukishamjibu huyo ticha niandikie alisema nini.