Jibu: Kasha jepesi la mafuta kwa tyubu ya eksirei

Ndugu, umeuliza kama alumini nyembamba inatosha, na kwa nini kasha lako huvuja likipata moto. Alumini inatosha kwa kubeba mafuta (yanayopoza tyubu na kuzuia umeme usiruke), lakini haizuii mionzi vya kutosha. Kinga ni risasi, ile metali nzito (ledi). Ibandike karibu na tyubu kadiri insulesheni (kizuizi cha umeme) inavyoruhusu, eneo lake lipungue: hapo ndipo kilo nyingi huokolewa, kuliko kukwangua ukuta wa nje.

Kuvuja kunatokana na kutanuka. Mafuta ya transfoma huongezeka takriban 0.07% kwa kila digrii ya Selsiasi; lita 3 zikitoka 20 hadi 70 huongezeka kama ml 105. Yasipopata pa kwenda, yatasukuma oringi (pete za mpira za kuziba maungio). Weka diaframu (utando unaonyumbulika) ya mpira wa naitrili (mpira wa asili huvimba kwenye mafuta), upande wake wa nje uwe wazi kwa hewa, na swichi ndogo ya kukata umeme diaframu ikitanuka kupita kiasi. Iache nafasi ya kurudi ndani pia, la sivyo mafuta yakipoa na kusinyaa yatavuta hewa kupitia oringi.

Jaza kasha chini ya ombwe (hewa ikiwa imenyonywa), mafuta yakiwa makavu na yametolewa gesi. Kiputo kimoja karibu na kebo ya volti kubwa kinatosha kuleta cheche.