Rangi si dawa ya ukungu

Barua nyingi za wiki hii zimetoka mabondeni mwa Dar es Salaam: Jangwani, Kigogo na Tandale. Maji ya mafuriko yametoka ndani ya nyumba, sasa kuta zinaota ukungu.

Mwenye nyumba kaleta fundi apake rangi juu ya ukungu mweusi. Itasaidia?

Haisaidii, na kila masika nalijibu swali hilihili. Rangi hufungia unyevu kwenye plasta, ukungu ukaendelea chini yake, kisha rangi huvimba na kubanduka. Ukuta wa tofali uliolowa hukaushwa kwa wiki kadhaa, si kwa wikiendi moja. Plasta inayomeguka ikwanguliwe. Sugua kwa brashi na maji ya sabuni, suuza, halafu paka jiki: robo lita kwenye lita 4 za maji. Milango na madirisha yabaki wazi. Rangi ni kazi ya mwisho kabisa. Nanyi mnaotafuta vyumba sasa hivi: mkikuta rangi mbichi, shikeni ukuta pale chini karibu na sakafu kabla ya kutoa kodi. Kumpangisha mtu chumba cha namna hiyo ni kumuuzia maradhi ya kifua.

Nikichanganya jiki na dawa ya choo, si ukungu utakufa haraka?

Usithubutu! Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu. Siki pia usitie.

Godoro la sponji tumelianika mpaka likakauka. Tulilalie?

Litupeni. Maji yale yalipita vyooni.

Mwanangu ana pumu. Nisafishe naye akiwepo?

Hapana, mama. Apelekwe kwa ndugu hadi chumba kikauke. Wewe vaa glavu, miwani na barakoa ya N95. Kitambaa hakizuii vumbi la ukungu. Usifagie pakavu, lowesha kwanza. Feni husambaza ukungu nyumba nzima, na umeme wenyewe usiwashwe kabla fundi hajakagua.

Gunia la mahindi liliingia maji, limeota ukungu kidogo tu. Tukiosha na kusaga?

"Kidogo tu" ndiyo inayoniogopesha. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho, kuosha hakuiondoi, wala ugali kuiva hakuimalizi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Msiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Fukieni gunia zima, leo.