Figo ninampa mimi mwenyewe, chanjo zinaingiaje hapo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Kaka yangu ana miaka 41 na anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Vipimo vimeonyesha figo yangu inamfaa, nami nimekubali kumpa. Sasa timu ya upandikizaji inasema haipangi tarehe mpaka akamilishe chanjo, na kaka hataki, hasa ile ya UVIKO-19. Je, ni haki mtu kunyimwa figo kwa sababu ya chanjo, tena figo ambayo haikutoka kwenye foleni ya mtu mwingine? Na kwa nini asichanjwe baadaye, akishapona?

JIBU: Marahaba, dada. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa hilo halina ubishi.

Kuanzia siku ya upasuaji kaka yako atatumia dawa za kushusha kinga, mara nyingi takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Mwili wake hautajali kwamba figo imetoka kwa dada yake. Utaiona ngeni na kutaka kuishambulia, kwa hiyo dawa hizo atazimeza muda wote figo itakapokuwa inafanya kazi. Tatizo ni kwamba kinga hiyohiyo tunayoishusha ndiyo inayotakiwa kuipokea chanjo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwapima watu 658 waliopandikizwa viungo na kuchanjwa dozi mbili za UVIKO-19. Asilimia 46 hawakuonekana na kingamwili yoyote, yaani askari wa damu wanaopaswa kukitambua kirusi. Walichomwa sindano zote mbili, na damu yao ikabaki kama ya mtu asiyechanjwa.

Zipo pia chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama za surua, tetekuwanga na homa ya manjano. Hizi kwa kawaida hazitolewi kabisa baada ya kupandikizwa, kwa hofu kwamba kirusi kile dhaifu kitapata mwili usioweza kukizuia. Zinatakiwa zitangulie upasuaji kwa wiki nne au zaidi. Ya homa ya ini aina B haina kirusi hai, lakini figo zilizofeli zenyewe hudhoofisha kinga, ndiyo maana mgonjwa anayesafishwa damu hupewa dozi mara mbili ya kawaida, kisha damu hupimwa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho kuona kama kingamwili zimefika mili-uniti 10 kwa mililita. Kozi hiyo huchukua miezi. Asipoianza sasa, anajiongezea mwenyewe muda wa kukaa kwenye mashine.

Sasa haki. Wanaotetea masharti ya chanjo hutoa hoja mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni uhaba: viungo ni vichache, Marekani peke yake zaidi ya watu 100,000 wako kwenye orodha ya kusubiri, basi kila kiungo kiende kwa mwenye nafasi nzuri ya kuishi nacho. Kwa figo yako hoja hii haipo. Hakuna mtu anayerukwa, na umeliona hilo vizuri.

Ya pili inabaki, na inakuhusu wewe. Daktari wa upasuaji atampasua mtu mzima wa afya, asiyeumwa chochote, amtoe figo ambayo hairudi. Ana wajibu wa kuhakikisha kwamba hasara hiyo unayoikubali kwa upendo ina matumaini ya kweli upande wa pili. Mwaka 2020, kati ya watu waliopandikizwa viungo wakalazwa kwa UVIKO-19, karibu mmoja kwa kila watano alifariki. Ningekuwa mimi ndiye wa kukutoa figo, ningeuliza maswali yaleyale.

Lakini kuuliza na hata kuahirisha ni tofauti na kufunga mlango. Huko Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashine za kusafisha damu zilikuwa chache mno, ikaundwa kamati ya raia wa kawaida kuchagua nani atibiwe. Waliangalia kipato, ndoa, hata kama mtu anahudhuria kanisani. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 zinataka viungo vigawiwe kwa vigezo vya kitabibu na maadili, wala si fedha. Kwa hiyo sharti la chanjo ni halali pale tu linapojibu swali la kitabibu: litabadilisha nini katika uhai wa mgonjwa huyu? Likigeuka adhabu kwa mtu mkaidi, tumerudi Seattle.

Mahakama hazitawasaidia sana. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya Alberta, Kanada, iliunga mkono madaktari waliomkatalia mgonjwa asiyetaka chanjo ya UVIKO-19, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ikakataa kusikiliza rufaa. Hata hivyo uzito wa chanjo moja haulingani na wa nyingine, wala haubaki uleule mwaka hadi mwaka. Baadhi ya vituo vimelilegeza sharti la UVIKO-19 kwa sababu ugonjwa wenyewe na kinga za watu vimebadilika. Ya homa ya ini B mimi nisingeilegeza.

Nakumbuka mgonjwa mmoja ambaye faili lake liliandikwa "amekataa chanjo" kwa wino mwekundu. Nilikaa naye pembeni ya mashine, sindano mbili mkononi mwake, damu ikizunguka kwenye mirija, nikamuuliza anaogopa nini. Akasema sindano ya kwanza ilimvimbisha mkono na kumpa homa usiku kucha, akaamini ndiyo iliyommalizia figo. Maandishi yale yalikaa miezi minane bila mtu kumuuliza kwa nini. Nilimweleza, akakunja shati, akachomwa siku ileile.

Kwa hiyo nenda na kaka kliniki. Waombeni wawaambie ni chanjo zipi hasa zinasubiriwa, ipi ni sharti na ipi ni ushauri tu, na nani wa kupitia upya uamuzi wao kama hamkubaliani. Kama ana mzio, au kinga kutokana na maambukizi ya zamani, kipimo kifanyike na majibu yaandikwe. Na kadi yako wewe ya chanjo usiiache nyumbani. Ukihitaji chanjo yoyote yenye virusi hai, ichomwe mapema, isiangukie ndani ya wiki nne kabla ya siku ya kutoa figo.