Kabla hujalipia pikipiki chakavu, ulizia kadi

Juzi kijana mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, kanitumia picha ya Honda CG125 iliyoegemezwa kwenye banda la kuku, tangi limeliwa na kutu. "Kaka, mwenyewe anataka laki tatu. Niichukue?" Nikamuuliza: kadi ya usajili ipo?

Yangu niliipata Bwiru kwa mwalimu mstaafu. Kadi aliihifadhi kwenye bahasha moja na vyeti vya ubatizo vya wanawe. Mimi nilinunua bahasha ile. Chuma kilikuwa nyongeza. Bila kadi utaijenga, itawaka, halafu utaishia kuizungusha uani kwako.

Nilipoifikisha nyumbani kwa mkokoteni, shemeji aliniuliza mbele za watu kama nimeanza kununua vyuma chakavu. Walicheka, na waliocheka nawakumbuka. Sasa hivi shemeji huyohuyo anaomba kupigwa picha akiwa ameikalia.

Injini isikutishe. Honda walianza kuitoa CG mwaka 1976, vali zinasukumwa na fimbo badala ya cheni, makusudi kwa ajili ya nchi ambazo oili haibadilishwi kwa wakati. Yaani sisi. Wachina wakaiiga sana, kwa hiyo pleti za klachi, ringi na gasketi unaziulizia kwenye duka lolote la spea za bodaboda. Ila kuiga nako kuna aina nyingi. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, mkipime hapohapo kaunta. Pistoni ya CG ambayo silinda yake haijachongwa kupanuliwa ina kipenyo cha milimita 56.5. Muuzaji akisema "itaingia tu", rudisha hela mfukoni.

Kinachosumbua ni bati: tangi, madigadi, vikava vya ubavuni. Hivyo ndivyo vya kukagua kabla ya kubishana bei. Tangi langu nililitia siki na vipande vya cheni mbovu, nikalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi, nikalisuuza na kulikausha siku hiyohiyo, maana kwa hewa ya ziwani kutu hailali. Habari za kupiga msasa naziruka, ni vumbi tu.

Safari yake ya kwanza ndefu niliipeleka Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limeshafunguliwa, Juni 2025, kama kilomita 3 juu ya maji, na mimi niliyezoea kuota jua nikisubiri kivuko nikapita huku pikipiki zote za Boksa zikinipita. Zipite! Vijana mnataka kila kitu kiwake leo, mkikwama kwenye kabureta mnatangaza kuuza. Kaeni nayo. Fungueni, osheni, fungeni, fungueni tena.

Na fundi akikwambia "bosi, tutoe hii injini tuweke mpya ya Mchina", mlipe anachokudai, sukuma pikipiki yako uondoke.