Jibu: Manchester United 2024/25, kosa la Amorim au la wachezaji?
Salaam ndugu. Umeuliza kama United kumaliza nafasi ya 15 Ligi Kuu England na pointi 42 ni kosa la Amorim, kocha wa wakati huo, na mfumo wake wa mabeki watatu, au wachezaji ndio wabovu.

Anza na mabao kabla ya mfumo. Mechi 38, mabao 44 tu. Washambuliaji wetu, Højlund manne kwenye ligi, Zirkzee matatu. Hapo hata ukipanga mabeki wanne, nani anafunga?

Ila kocha simtoi lawamani. Alikuja Novemba 2024 kutoka Sporting, msimu umeshaanza, akaleta 3-4-3 (mabeki watatu, viungo wanne, washambuliaji watatu) papo hapo. Nimenoa timu ya mtaani kwa mfumo huohuo: wale wa pembeni wasipopanda na kurudi dakika zote 90, viungo wawili wa kati wanazidiwa. Ukirudia mechi, usifuate mpira, watazame hao wa pembeni tukipokonywa. Halafu mwangalie kiungo wetu Bruno Fernandes: akishuka kuziba pengo, nani anamlisha mshambuliaji? Fainali ya Europa League kule Bilbao, Tottenham walipotufunga 1-0, bado inaniuma. Mpira tulikuwa nao sisi, bao hakuna.