Forester au X-Trail kwa familia ya Malindi?

Waalaikumu salaam, dada. Umeuliza ununue ipi kati ya Subaru Forester na Nissan X-Trail iliyotumika. Kwa watoto watatu, safari za Mombasa mara kwa mara, na za Marafa kwa wazazi, mimi ningechukua Forester. Uvungu wake uko juu, milimita 220, na magurudumu manne yanavuta muda wote. X-Trail ina buti nzuri, lakini nyingine huja zikivuta mbele tu, na njia ya Marafa ikinyesha haina masihara. Nyingi za aina zote mbili huja na giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua), basi uliza oili yake ilibadilishwa lini.

Lakini kubwa zaidi kwetu ni kutu. Upepo wa bahari unakula chuma, na kuna gari za Japani zilizotembea kwenye barabara za theluji zilizomwagwa chumvi. Usidanganyike na rangi inayong'aa, ipandishwe juu, fundi wako (si wa muuzaji!) amulike chasisi.

Ukiwasha swichi, taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa kukukinga ajalini) iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, shuku kuna mtu kaichezea.

Siku ya kuijaribu nenda na viti vya watoto. Vitatu kwa pamoja nyuma vinabanana.