Kabla hujasaini mkataba wa huduma na halmashauri

Siku mkataba ulipoletwa tulichinja mbuzi. Nilikuwa mhasibu wa kituo cha afya cha kanisa, kwenye miteremko juu ya Moshi; halmashauri sitaitaja jina. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure, kama sera inavyotaka, kisha halmashauri itulipe. Nani angekataa?

Wewe unayeletewa wako leo, kurasa za mwanzo ni salamu tu. Fungua kiambatisho cha bei. Chetu kilisema tutalipwa kwa kila "mama aliyejifungua kituoni". Maneno matatu.

Usiku mmoja wa masika akaja binti, mimba ya kwanza, uchungu ukakwama. Akatundikiwa dripu, mkunga akakesha naye, saa tisa gari likateremka naye kwenye tope hadi hospitali ya mkoa, Mawenzi. Akajifungua salama, huko huko. Watu wa halmashauri walipokuja kuhakiki, kitabu cha MTUHA namba 12, kile cha kuandikia wanaojifungua, kikafunguliwa, kalamu ikapita juu ya jina lake: "Huyu hakujifungulia kwenu." Dripu, glovu, dizeli, vyote juu yetu. Hilo ningelisahau. Lililoninyima usingizi ni mtu wetu mmoja aliyesema chini chini, "Tungemvumilia hadi asubuhi, pengine..." Hakumalizia. Mkataba ulikuwa umeanza kutufundisha kuchelewesha rufaa, na sidhani aliyeuandika alikusudia hivyo. Dai rufaa iwe na bei yake.

Halafu tarehe. "Malipo yatafanyika baada ya uhakiki" si tarehe. Tulisubiri robo mbili za mwaka. Waajiriwa wa kanisa wakakosa mshahara, watumishi wa serikali walioazimwa kwetu wakapokea wao kama kawaida, na chumba cha chai kikawa hakikaliki. Siku za kuhakiki ziandikwe kwa tarakimu, za kulipa vilevile, na ombeni malipo ya awali ya robo nzima, hesabu zilinganishwe baadaye. Dawa hazisubiri uhakiki.

Ulipofika wakati wa kuhuisha mkataba, ripoti yangu nzuri niliiacha mezani. Nikabeba kitabu chenyewe, nikaanza kusoma mistari ya rufaa mmoja mmoja mbele ya Mganga Mkuu wa Wilaya: umri, saa ya kufika, saa ya kuondoka. Kwenye mstari wa kumi na moja akavua miwani.

"Inatosha, mhasibu. Andika hiyo bei."